Visiwa vya Nchi Kavu: Misitu, Ndiva na Maziwa ya Upare

Milima ya Upare imo katika Tao la Mashariki, mlolongo wa milima mikongwe iliyoachana unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa nchini Tanzania. Iko baina ya Kilimanjaro na Usambara, nayo ina mafungu mawili makubwa. Upare Kaskazini, penye Usangi na Ugweno, iko wilaya ya Mwanga, na kilele chake ni Kindoroko chenye mita 2,113. Upare Kusini iko wilaya ya Same, na kilele chake ni Shengena chenye mita 2,462. Kila upande chini yake ni nyika: magharibi kuna bonde la mto Pangani, mashariki kuna mbuga za Mkomazi zinazoendelea hadi Tsavo.

Wataalamu wa viumbe huihesabu milima ya namna hii kuwa visiwa. Kisiwa kwao ni mahali penye hali yake ya maisha, palipozungukwa na hali nyingine ambayo mimea na wanyama wa hapo hawawezi kuivuka. Maji ya bahari hufanya kazi hiyo Unguja na Pemba. Huko Upare kazi hiyo hufanywa na ukame. Juu ya visiwa hivyo vya asili, wakazi wa milima wameongeza vingine kwa mikono yao: misitu midogo ya koo, mabwawa ya kumwagilia yaitwayo ndiva, na mashamba ya kijani yaliyoteremshwa hadi nyikani. Serikali za baadaye ziliongeza hifadhi zenye mipaka na ziwa zima la kutengenezwa kwa ajili ya umeme. Historia ya Upare kwa sehemu kubwa ni historia ya visiwa hivi, na ya nani aliyeshika mamlaka ya kuvifunga na kuvifungua.

Visiwa vya asili

Miamba ya Upare ni ya kale kuliko ile ya Kilimanjaro. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, mgeni kwa umri wa dunia. Upare ni miamba migumu ya chini kabisa ya ardhi iliyopasuka na kuinuliwa, na wanajiolojia hukadiria kwamba kuinuka huko kulianza miaka ipatayo milioni 30 iliyopita. Pepo za Bahari ya Hindi zinapogonga milima hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Kwa hiyo, hata nyakati ambazo Afrika Mashariki ilikauka na misitu mikubwa ya tambarare kupotea, vilele viliendelea kupata ukungu na mvua, na misitu ikabaki huko peke yake.

Mvua haigawanywi sawa. Miteremko ya mashariki, upande wa Gonja na Ndungu, hupata unyevu mwingi zaidi kwa kuwa imeielekea bahari. Upande wa magharibi, wenye Hedaru, Makanya na mji wa Same, umekaa nyuma ya mlima, na mawingu huufikia yakiwa yamekwisha kumwaga maji yake. Mtu anayepanda kutoka Makanya hadi Chome huanza kwenye migunga na mikonge, akapita mashamba ya mahindi na maharage, akaingia migombani, kisha akafika kwenye msitu wenye kuvu na ndevu za miti, yote katika safari ya siku moja kwa miguu.

Kutengwa kwa muda mrefu kumezaa viumbe wasiopatikana kwingine. Msitu wa Chome una ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye makao yake duniani kote ni Upare Kusini tu. Alielezwa kitaalamu katika miaka ya 1930 na kupewa jina la Winifred Moreau, mke wa Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Moreau alilinganisha ndege wa mlima mmoja na wa mlima mwingine, na kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu ndege wa Afrika na visiwa vyake kiliweka wazi kwamba misitu ya milimani lazima isomwe kama visiwa. Mwaka uliofuata, 1967, Wamarekani Robert MacArthur na Edward Wilson walitoa nadharia yao: kisiwa kikipungua ukubwa au kikizidi kujitenga, idadi ya aina za viumbe wake hupungua. Tangu hapo vipande vya msitu wa Tao la Mashariki vimepimwa kwa kipimo hicho.

Watu wa mlimani

Binadamu nao waliona tofauti ya juu na chini. Mlimani kulikuwa na maji ya kudumu, malaria ilikuwa haba, na ilikuwa vigumu kwa wavamizi kupanda. Nyikani kulikuwa na malisho, chumvi na wanyama wa kuwinda. Wapare wenyewe huita nchi yao Vuasu na lugha yao Chasu, lugha inayosemwa Kusini na sehemu kubwa ya Kaskazini. Ugweno, kwenye ncha ya kaskazini inayotazama Kilimanjaro, ina lugha yake, Kigweno, iliyo karibu zaidi na Kichagga. Upare Kusini waliishi pia Wambugu, wafugaji ambao lugha yao huwashangaza wanaisimu hadi leo, kwa kuwa ina sarufi ya Kibantu na maneno mengi yenye asili ya Kikushi.

Mtu aliyefanya kazi kubwa zaidi ya kukusanya historia hii ni Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare na profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare kutoka mwaka 1500 hadi 1900 kilitoka mwaka 1969, nacho kimejengwa juu ya masimulizi ya wazee wa koo. Kwa mujibu wake, Ugweno ilikuwa kwanza chini ya Washana, ukoo wa wahunzi, hadi ukoo wa Wasuya ulipowapindua mwanzoni mwa karne ya 16. Angovi aliongoza mapinduzi hayo, na mwanawe Mranga akaipanga nchi upya kwa mabaraza na kwa jando la pamoja, ambalo lilimfanya kijana wa ukoo wowote kuwa raia wa nchi moja.

Uhunzi ndio uliowapa Wagweno jina mbali na kwao. Mvua iliteremsha mchanga mweusi wenye chuma kwenye vijito; watu waliukusanya na kuuosha hadi ubaki uzito wake, kisha ukayeyushwa kwa makaa kwenye tanuri lililopulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Majembe, mikuki na mashoka yalivuka hadi Uchaggani, ambako chuma kilikuwa haba, na mifugo na chakula vikarudi. Mlima uliotengwa na nyika haukuwa umetengwa na biashara.

Upare Kusini haikuwahi kuwa na mtawala mmoja. Kila bonde lilikuwa na koo zake na watawala wake: Mbaga, Mamba, Chome, Hedaru, Gonja. Nguvu ya mtawala ilitegemea mambo mawili kuliko jeshi, nayo ni mvua na maji ya mfereji.

Misitu ya koo

Mashamba yalipoongezeka na miti kufyekwa, baadhi ya vipande vya msitu viliachwa kwa makusudi. Vilikuwa vya aina mbili. Ya kwanza ni mpungi, kichaka cha ukoo ambamo mafuvu ya wahenga yalihifadhiwa baada ya makaburi kufukuliwa, na ambamo wazee walitoa sadaka ukame au maradhi yalipotokea. Ya pili ni mshitu, msitu wa jando, ambamo vijana walikaa na kufunzwa. Kukata mti, kuokota kuni au kuchunga humo kulikatazwa, na aliyevunja mwiko alitozwa mnyama wa kuchinjwa.

Kwa ukubwa, vingi vya vichaka hivi havizidi hekta chache. Vimetawanyika kati ya migomba na nyumba, mara nyingi mahali penye chemchemi au kichwa cha kijito. Watafiti waliovihesabu Upare Kaskazini katika miaka ya 1990 walikuta bado vipo mamia, na ndani yake miti ya asili iliyokwisha kabisa mashambani. Katazo la wahenga lilikuwa limelinda chemchemi za ukoo pamoja na mafuvu yake.

Ukristo uliitikisa amri hiyo. Walutheri wa Misheni ya Leipzig walifika Shigatini, Usangi, mwaka 1900, na Waadventista wa Sabato walianzisha kituo cha kwanza cha kanisa lao katika nchi hii huko Giti, Upare Kusini, mwaka 1903. Waumini wapya hawakuogopa tena mafuvu, na sadaka zikaanza kufanywa kwa siri. Hata hivyo vichaka vingi vilisalia, kwa kuwa ardhi yake ilikuwa ya ukoo mzima na hapakuwa na mtu mmoja mwenye haki ya kuigawa. Mshtuko mkubwa zaidi ulikuja baada ya uhuru. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na katika miaka ya 1970 serikali za vijiji zikapewa ardhi. Kichaka kilichokuwa na mwenyewe kikawa cha wote, na katika vijiji kadhaa kikawa kuni, mbao au kiwanja.

Ndiva na mifereji

Kazi kubwa ya mikono ya Wapare ni ndiva. Vijito vya mlimani ni vyembamba, na maji ya kijito kimoja yakielekezwa moja kwa moja shambani hunywewa na udongo wa mfereji kabla ya kufika. Dawa yake ni kuyakusanya. Banio la mawe na matawi huwekwa kijitoni, mfereji huyachepusha maji kufuata mkunjo wa mlima, nayo huingia katika bwawa la udongo lililochimbwa juu ya mashamba. Usiku kucha ndiva hujaa. Asubuhi mwenye zamu hufika na jembe, huchomoa kizibo cha mti kilichokandikwa udongo, na maji yaliyolimbikwa hutoka kwa nguvu moja inayoweza kufika mbali. Kwa saa chache huyaongoza kwenye matuta, akifungua na kuziba kwa udongo na magome ya mgomba, hadi ndiva iwe tope tupu. Jioni kizibo hurudishwa na hesabu huanza upya kwa mwenye zamu wa kesho.

Ndiva ilikuwa mali ya ukoo ulioichimba. Mzee wa ukoo huo aligawa zamu, na watu wa koo nyingine waliomba maji kwa kupeleka pombe au kwa kushiriki kazi. Kabla ya kila msimu, watumiaji wote waliitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kuzoa tope na kuziba nyufa. Asiyetokea alilipa faini au alirukwa zamu. Miiko ililinda chanzo: chungu chenye masizi hakikuruhusiwa kuchota kwenye chemchemi, na kazi ya banio ilikuwa na masharti yake ya usafi na ya jinsia. Sheria hizo zilihusu heshima, lakini pia ziliwaweka mbali na banio watu na vyombo ambavyo vingelichafua.

Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Usambara na Upare mwaka 1890 na kuchapisha kitabu mwaka uliofuata, aliikuta nchi yenye mifereji. Maji hayo yaliwawezesha watu kupanda magimbi, migomba na miwa wakati wa kiangazi, na kuvuna mahindi hata mvua ya vuli ilipokatika mapema. Muhimu zaidi, yaliushusha ukulima chini. Pale mfereji ulipofika miguuni mwa mlima, sehemu ya nyika ikawa kijani, na kisiwa cha mlimani kikapata pwani mpya.

Misafara, reli na mji wa Same

Katika karne ya 19 nyika iliyokuwa kizuizi ikawa njia kuu. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Pangani na Tanga ilifuata miguu ya mashariki ya milima, ikipumzika na kununua chakula Gonja na Kisiwani kabla ya kuelekea Taveta na Kilimanjaro. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, katika miaka ya 1860, mwanawe Semboja alihamia Mazinde njiani mwa misafara, akajipatia bunduki na kuwavamia majirani, Wapare wakiwemo. Biashara ya watu ilizigonganisha hata koo za Upare zenyewe, na wengi walirudi kujihifadhi juu.

Walipotawala, Wajerumani waliihamishia njia upande wa pili. Reli yao, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilipitishwa magharibi mwa milima, ikafika Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911. Gonja na Kisiwani zikapoteza umuhimu, huku Hedaru, Makanya na Same zikipata stesheni. Mashamba ya mkonge yakafuata njia ya reli, na jasi ya Makanya ikaanza kuchimbwa baadaye. Same, mahali pakavu ambapo hapo kale hapakuwa na sababu ya kukaa watu wengi, pakawa makao ya serikali kwa sababu tu stesheni na barabara vilikuwa hapo. Mji huo ulipewa maji na mlima lakini uliutawala mlima.

Umbali kati ya boma la chini na watu wa juu ulijidhihirisha katika mgogoro wa mbiru. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza, iliyokwisha kuwarithi Wajerumani, ilileta kodi iliyoitwa mbiru, iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Wapare waliona makadirio hayo si ya haki. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka mabonde ya mlimani hadi Same na kuweka kambi, wakikataa kuondoka hadi wasikilizwe. Paulo Mashambo alikuwa miongoni mwa viongozi waliojulikana zaidi. Wanawake waliwapelekea chakula, na baadaye wakaandamana wenyewe. Upinzani uliendelea kwa zaidi ya mwaka, na kufikia 1947 kodi hiyo ilikuwa imeondolewa.

Mipaka ya serikali

Mwaka 1951 ulichora visiwa vipya kwa wino. Msitu wa Chome, wenye zaidi ya hekta 14,000 kuzunguka Shengena, ulitangazwa kuwa hifadhi ya msitu, na upande wa mashariki Mkomazi ikawa pori la akiba. Misitu ya Kindoroko, Minja, Kamwala na Mramba huko Kaskazini nayo ikawekwa chini ya serikali. Katika misitu hii mkulo ndio mti uliotafutwa kuliko yote, kwa mbao zake ngumu zenye harufu ya kafuri, na wapasuaji wa siri waliendelea kuufuata hata baada ya mipaka kuwekwa. Baadaye madini ya bauksiti yalizua mzozo mwingine Shengena. Chome imekwisha kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia, daraja la juu kuliko hifadhi ya kawaida ya msitu.

Mkomazi ilileta mzozo mkali zaidi. Wafugaji wa Kimaasai, Kipare na Kikamba walitumia mbuga hizo kwa malisho kwa vizazi, na wengine waliruhusiwa kubaki mwanzoni. Kufikia 1988 wote walikuwa wametolewa, na shauri lao lilifika mahakamani katika miaka ya 1990. Mwaka 1997 vifaru weusi waliletwa kutoka Afrika Kusini na kuwekwa ndani ya uzio wenye ulinzi, kwa kuwa ujangili ulikuwa umewamaliza wale wa asili. Uzio huo ni kisiwa cha kutengenezwa kwa maana kamili: mnyama aliyewahi kutembea nyika nzima sasa huishi kwenye kipande kilichozungushiwa nyaya. Miaka kadhaa baadaye pori likawa hifadhi ya taifa.

Maziwa mawili

Upare Kaskazini ina ziwa la asili miguuni mwake. Jipe, lililo mpakani na Kenya, hupata maji kutoka Kilimanjaro kupitia mto Lumi, na ni la kina kifupi kiasi kwamba matete na mafunjo yamelivamia na kuwafungia wavuvi njia za mitumbwi. Sato wa Jipe ni samaki wa bonde la Pangani tu. Maji ya ziwa hutoka kwa mto Ruvu na kukutana na yale ya Kikuletwa.

Mahali mito hiyo miwili inapokutana ndipo lilipojengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika mwaka 1965. Lengo lilikuwa umeme na kudhibiti maji ya Pangani, lakini mafanikio ya kwanza yalikuwa samaki. Wavuvi walimiminika kutoka maziwa ya mbali na vijiji vikaota ufukweni palipokuwa nyika tupu. Mavuno yalifikia kilele karibu na mwaka 1970, kisha yakashuka kwa sababu ya uvuvi wa kupita kiasi, na tangu wakati huo bwawa limefungwa mara kwa mara ili samaki wazaliane.

Ndiva chini ya sheria mpya

Mwaka 1974 sheria ya matumizi ya maji ilitangaza kwamba maji yote ya nchi ni mali ya umma, na mwaka 1991 ikaundwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye jukumu la kutoa haki za maji na kukusanya ada. Kwa mwenye ndiva, hii ilimaanisha kwamba kijito alichokirithi kwa ukoo wake kilihitaji kibali. Wakati huohuo miradi ya kilimo na umwagiliaji kama TIP na SAIPRO ilianza kukarabati ndiva za Same na Mwanga kwa mawe na saruji, mojawapo ikiwa ndiva ya Manoo huko Bangalala, na kamati za kuchaguliwa zikachukua nafasi ya wazee wa ukoo. Msaragambo uliendelea, na zamu pia, ila daftari la katibu likachukua kazi ya kumbukumbu ya mzee.

Saruji ilipunguza uvujaji lakini haikuongeza maji mtoni. Wa juu wakihifadhi zaidi, wa chini hupata kidogo. Wakulima wa Makanya, walio mwisho wa bonde, wamezoea kungoja mafuriko ya masika na kuyaelekeza mashambani kwa matuta. Upande wa mashariki serikali ilichukua njia nyingine: skimu ya mpunga ya Ndungu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990, humwagilia hekta 680 kwa maji ya mto Yongoma. Juu yake, Mamba Myamba, udongo wenye unyevu umezaa tangawizi inayouzwa mbali.

Mji wa Same ulibaki na kiu kwa miongo mingi, ukitegemea vijito vya mlimani na visima vya maji ya chumvi. Suluhisho lilitoka kwenye ziwa la kutengenezwa. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ulioanza mwaka 2014 na kuzinduliwa mwaka 2025, huvuta maji ya Nyumba ya Mungu, huyasafisha na kuyasukuma kwa bomba hadi mjini. Zaidi ya nusu karne baada ya kujengwa, bwawa hilo linawanywesha watu wa nyika, huku ndiva za mlimani zikiendelea kujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu.